Mistari Miwili ya Chini

Sinia lilikuwa baridi tangu asubuhi, na kwa Mwantumu Singano sinia baridi lilimaanisha siku nyepesi. Wahandisi walilibandika bamba lile jina refu la kiserikali ambalo hakuna mtu pale ofisini aliyejisumbua kulikariri; kwa kuwa lilikuwa la chuma na la mviringo, wafanyakazi waliliita sinia na mambo yakaishia hapo. Mkaguzi aliweka viganja juu yake, maandishi yakapita chini ya vidole mstari kwa mstari, na sinia likaulinganisha kila mstari na kila neno lililowahi kuandikwa, kuchapwa, kuimbwa redioni au kusemwa mbele ya kinasa sauti. Mstari ulioibwa ulipata moto. Hotuba ya waziri mmoja iliwahi kumuunguza Mwantumu tangu salamu mpaka ahsanteni, akakaa wiki nzima anapaka asali vidoleni.

Kazi ya siku hiyo ilikuwa shairi la beti sitini na mbili la Rehani Kaniki, muuguzi wa zamani, ambaye Baraza lilikuwa limemteua kuwa Malenga wa Jamhuri. Likipita, watoto wa shule za nchi nzima wangelighani kila asubuhi baada ya bendera kupanda. Nyuma yake kulikuwa na makumi ya watu wanaosubiri: wachapaji, walimu, waandaaji wa sherehe. Kilichobaki ni saini ya ofisi ya Tanga, na saini ilitakiwa kabla ya saa tisa na nusu.

Mwantumu alikuwa kwenye ubeti wa nne, akili yake iko kwenye maharage aliyoyaacha yamelowekwa nyumbani, alipofika chini ya ubeti na kusoma:

*Wapeta ukiimbia, wimbo wako wa puani,*
*Nibishapo watulia, nusu hubaki rohoni.*

Sinia halikushtuka. Yeye ndiye aliyeshtuka mpaka viganja vikamfa ganzi.

Hakuna aliyejua kwamba yeye huimba kupitia puani akipeta mchele, na kwamba mtu akibisha hodi hunyamaza katikati ya wimbo, awe nani huyo mlangoni. Alijua mtu mmoja tu. Mtu huyo alikuwa na tabia ya kusimama nje kimya asikilize mpaka miguu imuume, na akishabisha na wimbo ukakatika, aliingia analalamika: "Mwe! Umeninyima nusu tena." Alikuwa Hoza Mhina, mumewe, mwalimu wa hesabu aliyetunga mashairi nyuma ya karatasi za mitihani. Alikuwa amefariki miaka kumi na mmoja iliyopita.

Akarudi ubeti wa kwanza. Akasoma upya, polepole, na safari hii hakusoma kama mkaguzi. Kila ubeti ulikuwa na mistari mitano. Mitatu ya juu ilikuwa mizuri, imenyooka, ya mtu aliyejifunza ufundi wake vizuri na anayeogopa kukosea. Miwili ya chini ilikuwa ya Hoza. Ilikuwa na kiburi chake, utani wake, na ile namna yake ya kusema jambo zito kama mtu anayeomba chumvi.

Watu wa zamani walikuwa na jina la kazi ya aina hii: takhmisa. Mtu anachukua shairi la mwenzake la mistari miwili miwili, anapandisha mitatu yake juu ya kila jozi, inakuwa mitano. Mwenye shairi la awali hatajwi, si kwa dharau, bali kwa sababu kila anayesikiliza anamjua. Lakini desturi hiyo ilitaka kila anayesikiliza awe anamjua kweli. Mistari hii ya Hoza haikuwahi kusikiwa na mtu, hata na yeye mkewe.

Aliitafuta miaka yote hiyo. Alijua ipo.

*

Mkaguzi alikuwa na haki ya kumwita mtunzi na kumhoji, na saa tano kasorobo Rehani Kaniki alikuwa ameketi mbele yake, mtu wa miaka arobaini na kitu, shati limepigwa pasi mpaka linameta, kofia ya kufuma ameishika mapajani. Maneno ya chumba kile hayakurekodiwa. Sheria ilitaka mtunzi aseme bila woga.

"Bwana Rehani," Mwantumu alianza, "mistari miwili ya chini umeitoa wapi?"

Rehani alitazama sinia. "Limepata moto?"

"Nimekuuliza mimi. Sinia halijakuuliza kitu."

Rehani akaigeuza kofia mapajani.

"Kuna mgonjwa wangu mmoja," alisema. "Mwaka ule wa homa ya mapafu, wodi ilipofungwa. Alikuwa na daftari, anaandika siku nzima, vidole vikichoka ananisomea. Alipofariki, vitu vyake vilifukizwa dawa vikapelekwa kwao kwenye mfuko. Nikaenda kuhani. Dada yake, kwa kunishukuru, akanipa koti la marehemu. Hata mfuko hawakuwa wameufungua sawasawa, mama. Nimefika nyumbani naingiza mkono mfukoni, nakutana na daftari."

"Mkewe hakulitaka koti?"

"Mke alikuwa eda. Yuko ndani nyuma ya pazia. Unajua mambo yetu, nguo za marehemu wanagawa ndugu zake."

"Najua," alisema Mwantumu. "Mimi ndiye niliyekuwa nyuma ya pazia."

Kofia ilianguka. Rehani hakuiokota. Aliinua mikono yote miwili akaiweka kichwani, kama wafanyavyo watu msibani.

Mwantumu alikuwa na maneno ya kumwambia mtu huyu. Aliyaandaa miaka kumi na mmoja bila kujua yatamfikia nani: kwamba alikaa miezi minne na siku kumi ndani ya chumba bila kaburi aliloliona likichimbwa, bila hata nguo moja yenye jasho la mumewe, na kwamba alipotoka eda kitu cha kwanza alichomwuliza wifi yake kilikuwa daftari alilokwenda nalo Hoza hospitali, na wifi akamjibu daftari gani? Sasa mtu mwenyewe yuko mbele yake, na kilichomtoka ni swali moja.

"Liko wapi?" aliuliza.

"Mchwa, mama. Nililiweka kwenye sanduku la mbao. Nilikuwa nimeshalikariri lote, lakini karatasi..." Alitikisa kichwa. "Sina cha kukurudishia. Kilichobaki duniani ndicho hicho kilicho chini ya mikono yako."

"Na jina lake? Mikono yako ilichoka ilipofika kwenye jina?"

"Mwanzo niliandika. Wallahi niliandika, *takhmisa juu ya shairi la Hoza Mhina*. Dirisha la usajili wakaniambia leta chanzo kilichosajiliwa. Chanzo kimeliwa na mchwa. Wakasema basi kazi haina ithibati, haipokelewi. Nikakaa miaka mitatu nalo. Halafu nikalifuta jina, wakapokea siku hiyo hiyo." Aliinamisha uso. "Na nisikudanganye. Watu walipoanza kulisifu, nilipenda. Nilipenda sana kuitwa mimi."

Mwantumu alimchukia kwa moyo wake wote. Kisha akamwuliza swali alilolala nalo na kuamka nalo tangu simu ile ya hospitali ilipopigwa. Hakujali kama ni la kikazi.

"Alisema nini mwishoni?"

Rehani alipangusa macho. "Kila alasiri alikuwa akitaka nimfungulie kidirisha kile cha juu. Anasema ndiyo saa yako ya kupeta mchele. Namwambia mwalimu, kutoka hapa mpaka Chumbageni utasikia nini? Ananijibu, wewe fungua, kusikia niachie mimi. Siku ya mwisho wingu lilitanda. Akaniuliza, mvua imeanza? Nikamwambia bado, lakini inakuja. Akasema, mwambieni Mwantumu aanue nguo. Basi. Hakusema tena."

Mwantumu alicheka. Cheko lilimtoka lenyewe, likageuka katikati likawa kilio, na Rehani Kaniki akalia naye upande wa pili wa meza, na hakuna aliyemwambia mwenzake anyamaze. Mwalimu wa hesabu, mtunzi wa beti sitini na mbili, amekufa akiwaza nguo kambani.

"Zima, mama," Rehani alisema alipoweza kusema. "Andika wizi. Nastahili."

*

Kuandika wizi kulikuwa rahisi. Fomu ilikuwa na swali moja tu ambalo sinia halikuweza kulijibu, na ndilo lililofanya serikali iendelee kuwalipa binadamu: *Je, sikio lako limetambua?* Mengi hayakuwahi kuandikwa wala kurekodiwa. Kwa hayo, sikio la mkaguzi lilitosha kuwa shahidi. Ndiyo moja, na kazi inazimwa.

Sheria hiyo ilitungwa baada ya miaka mibaya, miaka ambayo mashine zilitapika vitabu elfu kwa siku na hakuna aliyejua nani kasema nini. Watunga sheria walikuwa wamekasirika, na walitunga kwa hasira. Kazi ya wizi ilifutwa katika kila skrini na kila hifadhi kabla jua halijasogea, karatasi zake zikakusanywa zikasagwa. Hapakuwa na kuzima mitatu ya juu na kubakiza miwili ya chini. Sheria haikujua nusu.

Na Mwantumu mwenyewe asingebaki nayo. Kwenye mlango wa kutokea wakaguzi kulikuwa na kiti, na juu ya kiti kofia ya nyaya, na kila saa tisa na nusu kila mkaguzi alikaa pale kwa dakika nne akasuuzwa. Kila alichokisoma na kukisikia kazini siku hiyo kilitoka, asije akakibeba na kukitunga kwake bila kujua. Kwa miaka tisa Mwantumu alikuwa akitoka kazini ametakata hivyo, anakumbuka chai na majirani na mvua, hakumbuki hata mstari mmoja. Hakuwahi kuona ubaya wake. Kazi yenyewe aliiomba kwa sababu hiyo, maana wakati ule saa nane za kusahau kwa siku zilikuwa nafuu.

Rehani aliondoka karibu saa saba. Mwantumu akabaki na Hoza.

Alisoma mistari yote miwili ya chini, jozi sitini na mbili, kwa sauti ndogo. Alimkuta akimtania kwa chai yake iliyojaa tangawizi. Alimkuta akiogopa, jambo ambalo akiwa hai hakuwahi kulikiri. Alisoma tena. Saa nane ikapita.

Akiandika ndiyo, ukweli utakuwa umesemwa mara moja, kwenye karatasi itakayofungiwa, na mumewe atakufa mara ya pili bila hata mchwa wa kusingizia. Akiandika hapana, Hoza ataghaniwa na watoto wa nchi nzima, kwa jina la mtu aliyevaa koti lake. Naye Mwantumu, akishasuuzwa, hatajua kwamba aliwahi kuulizwa. Hatajua habari ya kidirisha wala ya nguo kambani. Miaka tisa hakuwahi kusema uongo kwenye fomu ile, na aliwahi kumnyima saini mtoto wa shangazi yake mwenyewe, wakaacha kusalimiana.

Saa tisa na robo alichukua kalamu. Aliikandamiza kwa nguvu kuliko inavyohitajika, kisha akaweka dole gumba kwenye wino.

Kwenye kiti, kofia ilipokuwa ikishuka, alikuwa akirudia midomoni: aanue nguo, aanue nguo, aanue nguo. Alitoka nje saa tisa na dakika thelathini na nne, jua kali, macho yamemvimba. Akadhani ni vumbi. Akaharakisha kwenda kuyabandika maharage.

*

Miezi miwili baadaye, Jumatatu, Mwantumu alikuwa anapita nyuma ya uzio wa shule ya msingi akitoka kununua mkaa wakati bendera ilipopanda na watoto wakaanza shairi jipya la taifa. Hakuwa anasikiliza. Mpaka sauti mia nne zilipofika chini ya ubeti:

*Mlango wakifungia, nami ndani nizuiwe,*
*Sauti nakuachia, ije ikae na wewe.*

Mfuko wa mkaa ulimtoka mkononi. Alishika waya wa uzio. Hakuhitaji sinia wala fomu. Alimjua kama unavyomjua mtu kwa kikohozi chake chumba cha pili. Hoza! Hoza wake, katika vinywa vya watoto, mchana kweupe! Furaha ilimpanda mpaka akasahau kupumua, na nyuma ya furaha ikafuata hasira. Shairi lilipoisha mwalimu wa zamu aliuliza, "Limetungwa na nani?" na watoto wakajibu kwa pamoja, "Rehani Kaniki!"

Hakurudi nyumbani kubadili kanga. Alikwenda moja kwa moja ofisini kwake, na kwa mara ya kwanza akaingia kwa mlango wa wananchi, akapanga foleni, akachukua fomu ya pingamizi. Penye *mwenye mali halali* aliandika Hoza Mhina. Akaisukuma mezani kwa Msajili Ndimbo.

"Mkaguzi aliyepitisha hili amehongwa," alisema. "Au ni kiziwi. Nataka nimjue ni nani."

Ndimbo alikuwa mzee mpole wa Songea, aliyebakiza mwaka mmoja kustaafu na ambaye hakupenda makelele. Aliisoma fomu mara mbili. Akavua miwani.

"Bi Mwantumu, nakusihi. Nenda nyumbani ukapumzike."

"Mpinzani ana haki ya kufunguliwa jalada. Kifungu cha saba. Fungua."

"Dada yangu..."

"Fungua!"

Ndimbo alifungua kabati, akatoa jalada, akakata lakiri, akaligeuzia upande wa Mwantumu.

Mwantumu aliona kwanza dole gumba. Halafu aliona mwandiko. *Je, sikio lako limetambua?* Chini yake, kwa mkono wake mwenyewe, *Hapana*, na kalamu ilikandamizwa mpaka karatasi ikatoboka penye herufi ya mwisho. Pembeni, mwandiko ule ule: *mahojiano na mtunzi, saa mbili na dakika tano.*

Alikaa. Hakumbuki nani alimpa kiti.

Saa mbili na dakika tano. Kwa kawaida mahojiano yalimchukua dakika ishirini. Kitu gani kilisemwa ndani ya saa mbili? Rehani Kaniki alikuwa muuguzi, magazeti yote yaliandika, muuguzi wa wodi ya homa. Kwa hiyo siku ile Mwantumu aliambiwa. Kuna alasiri moja alikuwa na kila kitu mikononi, shairi lote na habari yote, na mwanamke huyo wa alasiri ile akakitoa chote ili yeye wa leo apite nyuma ya uzio akasikie. Alimwonea wivu mwanamke yule. Alimwonea na huruma.

"Ukilisisitiza pingamizi," alisema Ndimbo taratibu, "linazimwa kabla ya adhuhuri. Na wewe utashtakiwa kwa saini hii."

"La saini lisikuumize kichwa."

"Basi niambie nifanye nini. Huyu Hoza Mhina ndiye mwenye mali?"

Mwantumu alilitazama jina la mumewe kwenye fomu. Lilikuwa limeandikwa vizuri. Tangu cheti cha kifo, kwa alivyojua, hakuna aliyeliandika kwenye karatasi ya serikali.

"Nirudishie fomu yangu," alisema. "Nimefananisha."

Ndimbo alivaa tena miwani. Alimrudishia, kisha akalifunga jalada, na siku hiyo Mwantumu akatoka kwa mlango wa wananchi, usio na kiti.

Mjini alikuwapo mtu mmoja ambaye angeweza kumweleza yaliyosemwa saa mbili zile. Mwantumu alijua hata mtaa anaokaa. Hakwenda. Alizijua hasira zake: akikutana naye angelitamka jina la Hoza na mistari yake kwa sauti, mtaani, na siku hizi hapakuwa na mtaa usio na kinasa sauti. Jina likishaingia pamoja na mistari, sinia lingelipata, vidole vya mkaguzi mwingine vingeungua na shairi lingezimwa.

Akawa anapita nyuma ya shule kila asubuhi kabla ya kazi. Walinzi walimzoea, wakadhani ana mjukuu pale. Alisimama palipo na kivuli, kichwa ameinamisha, akaisubiri mitatu ya juu ipite, kisha akapokea miwili ya chini, ubeti baada ya ubeti. Ubeti wa mwisho ukiisha aligeuka akaenda zake haraka, karibu mbio, mtu mzima na kanga zake, ili awe ameshapinda kona kabla mwalimu hajauliza limetungwa na nani.